Nani Kasema Galaksi Hazihusu Kyela?

Katikati ya Septemba, usiku usio na mwezi, wavuvi wa usipa wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, wilayani Kyela, huwa majini. Kutoka ufukwe wa Matema taa zao zinafanana na mji mdogo unaoelea: moja hapa, tatu kule, safu nzima upande wa Mwaya. Usipa hufuata mwanga, ndiyo maana mbalamwezi ikiwaka kazi hupungua. Ikifika saa nane usiku, juu ya taa hizo, kusini kabisa, kunaonekana kiwingu hafifu kisicho na kingo. Kusini-mashariki, chini zaidi, kipo kingine kikubwa kuliko hicho. Upepo ukivuma, mawingu mengine yote husogea na kupotea. Haya mawili hubaki palepale kati ya nyota.

Hubaki kwa sababu hayakutokana na mvuke wa ziwa. Kila moja ni galaksi, yaani mkusanyiko wa mamilioni kwa mamilioni ya nyota, gesi na vumbi. Wanasayansi wanayaita Mawingu ya Magellan, kwa jina la nahodha Mreno aliyeanza safari yake mwaka 1519, ingawa watu wa kusini mwa dunia walikuwa wakiyatazama tangu enzi na enzi. Kubwa liko umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi. Dogo, takriban 200,000. Yamepitiana karibu mno huko nyuma, yakavutana, na hadi leo kati yao kumetandazwa daraja la gesi. Ndani ya lile kubwa kuna eneo liitwalo Tarantula ambamo nyota zinazaliwa kwa wingi kuliko mahali popote jirani na galaksi yetu. Mvuvi wa Kyela anayaona bila darubini, kwa macho yaleyale anayotumia kutafuta kamba ya nyavu.

Usiku uleule, saa ileile, mtu akigeuka akalipa ziwa kisogo na kutazama kaskazini, juu ya nyanda za Rungwe, ataona doa jingine la ukungu. Hilo ni Andromeda, galaksi kubwa iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5, ambayo Abd al-Rahman al-Sufi wa Isfahan aliiandika kama wingu dogo katika kitabu chake cha mwaka 964. Inatujia kwa kasi ya kilomita 110 hivi kwa sekunde. Kyela hadi jijini Mbeya ni safari ya saa kadhaa kwa basi. Andromeda ingeimaliza kwa sekunde moja na ushee.

Pamoja na yote hayo kuwa juu ya vichwa vyao, watu wa Kyela wameambiwa kwa muda mrefu kwamba mambo haya si yao. Maoni yaliyoenea, kuanzia kijiwe cha bodaboda hadi chumba cha walimu na hata midomoni mwa wasomi, ni kwamba kuchunguza mwendo wa galaksi za mbali na jinsi zinavyomezana ni anasa ya mataifa yaliyokwisha kushiba. Kyela ina mpunga wa kuvuna, kakao ya kukausha, na barabara zinazokatika mafuriko yakija. Kijana akisema anataka kusomea nyota, anaulizwa kama nyota zitamlisha. Swali hilo huulizwa na watu wanaompenda, waliouza magunia ya mpunga ili apate ada, na kwa sababu hiyo linastahili kujibiwa kwa uzito wote. Jibu ni kwamba wanakosea, na kosa lao linawagharimu watoto wao.

Tuanze na neno "mbali", kwa kuwa ndilo linalotajwa kwanza. Mkulima wa kakao wa Ipinda anakausha mbegu zake juani, anazipeleka chama cha msingi, kisha anasubiri mnada. Bei atakayolipwa inafuata masoko ya London na New York, miji ambayo huenda hataitia mguu maishani, na mwaka 2024 tani moja ya kakao ilipopita dola 10,000 katika masoko hayo, hakuna aliyesema kwamba jambo hilo liko mbali mno kumhusu. Umbali haujawahi kuwazuia watu wa Kyela kutaka kujua kinachoendesha maisha yao. Umekuwa kisingizio cha mambo machache tu, na anga ni mojawapo.

Tena mahali penyewe pamebarikiwa. Kyela iko nyuzi tisa na nusu hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo inaona pande zote mbili za anga. Kijana wa London hatayaona Mawingu ya Magellan kamwe akiwa kwao, kwa sababu hayachomozi. Kijana wa Cape Town anayaona vizuri, lakini Andromeda kwake hupita chini karibu na upeo wa macho. Kwa kijana wa Matema galaksi zote tatu zinasimama angani kwa wakati mmoja, na mbele yake kuna ziwa lenye giza lisilo na taa za jiji.

Wapo wanaokubali hadi hapo, kisha wakasema: haya, ya kutazama ni ya wote, lakini kuchunguza mwendo wake ni elimu ya ajabu isiyofikika. Hapo pia hawajatazama vizuri. Msingi wa elimu hiyo husikika kila siku katika barabara ya Kasumulu. Lori la mizigo linapokimbilia mpakani huku dereva kashikilia honi, sauti huwa nyembamba likija na huwa nzito likishapita. Christian Doppler alilieleza jambo hilo mwaka 1842. Nuru nayo ina tabia hiyohiyo: chanzo kinachokuja mawimbi yake hubanana kuelekea rangi ya buluu, kinachoondoka mawimbi yake hunyooka kuelekea nyekundu. Mwaka 1912 Mmarekani Vesto Slipher aliipima Andromeda kwa njia hiyo, na huo ukawa mwendo wa kwanza wa galaksi kupimwa na binadamu.

Kutoka hapo hadi galaksi za mbali ni hatua moja. Haidrojeni iliyopashwa joto na nyota changa hutoa nuru nyekundu yenye urefu wa wimbi unaojulikana, nanomita 656.3. Nuru hiyo ikisafiri zaidi ya miaka bilioni kumi katika ulimwengu unaotanuka, hufika ikiwa imenyooshwa mno, wakati mwingine hadi nanomita 2,200 hivi, ambako jicho haliioni tena ila vifaa vinaiona. Kifaa kimoja cha aina hiyo, SINFONI, kilichofungwa kwenye darubini kubwa za Ulaya zilizoko Paranal nchini Chile, kiliigawa picha ya galaksi vipande vidogovidogo kama shamba la mpunga linavyogawanywa majaruba, na kila jaruba likasomwa nuru yake peke yake. Upande mmoja wa galaksi ukionekana unakuja na wa pili unaondoka, kwa mpangilio, basi hilo ni sahani linalozunguka. Mpangilio ukivurugika, vikaonekana vitovu viwili au gesi inayokwenda ovyo, huenda galaksi mbili zimevamiana.

Na hapa kuna kisa ambacho kila anayedhani sayansi hii ni hadithi zilizokwisha kuandikwa na wengine angepaswa kukijua. Darubini ya Hubble ilipopiga picha yake maarufu ya anga la mbali mwishoni mwa mwaka 1995, galaksi changa zilionekana zimejaa mabonge, zimepinda, hazina umbo. Wengi walihitimisha kwamba zinagongana, na kwamba migongano hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwasha uzazi mkubwa wa nyota wa zama hizo, zama ambazo ulimwengu ulizaa nyota kwa kasi inayozidi ya leo karibu mara kumi. Picha ziliwapa sababu ya kuamini hivyo. Kisha wakapima mwendo.

Mwaka 2006 kundi la watafiti la Reinhard Genzel lilitangaza kwamba galaksi iliyopewa namba BzK-15504, ambayo tunaiona ilivyokuwa miaka bilioni tatu hivi baada ya ulimwengu kuanza, ni sahani linalozunguka kwa kasi ya kilomita 230 hivi kwa sekunde. Miaka mitatu baadaye Natascha Förster Schreiber na wenzake walitoa matokeo ya galaksi nyingi kwa pamoja: takriban theluthi moja zilikuwa masahani yanayozunguka, theluthi zilikuwa na dalili za kuungana, na theluthi zilikuwa ndogo zenye gesi iliyochafuka. Uchunguzi uliofuata kwa kifaa cha KMOS, uliogusa galaksi zaidi ya 700, ulikuta masahani ni mengi kuliko hata walivyodhani. Maana yake, sehemu kubwa ya galaksi hizo zililishwa na mikondo ya gesi iliyoingia polepole, kama Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo zinavyolilisha Ziwa Nyasa mwaka hadi mwaka. Kugongana kulikuwepo na bado kupo, lakini hakukuwa mama wa kila kitu.

Maoni ya wengi yalipinduliwa na vipimo. Huo ndio uzito wa somo hili kwa kijana anayesoma fizikia kwenye benchi lililovunjika mguu: picha hudanganya hata mabingwa, na mwenye kipimo kizuri ana haki ya kuwapinga.

Lakini vipimo vinataka mashine za mabilioni, wanasema. Hebu wamwangalie Erik Holmberg. Mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto Ulaya, Msweden huyu alitaka kujua galaksi mbili zikipitiana karibu zinafanyana nini. Kompyuta ya kumsaidia haikuwepo. Akachukua globu 74 za umeme, 37 kwa kila galaksi, akazipanga mezani. Alijua kwamba mvuto hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali, na mwanga vilevile: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga hubaki robo. Basi kila mahali penye globu akaweka kifaa cha kupima mwanga, akasoma mwanga unaofika kutoka kila upande, akauhesabu kama ndio mvuto. Halafu akasogeza globu zote kidogo kwa mkono kufuata hesabu hiyo, akapima tena, akasogeza tena. Hatua kwa hatua, mezani, akaona galaksi zikivutana mikia na kupoteza mwendo kiasi cha moja kuweza kunaswa na nyingine.

Miaka 31 baadaye, mwaka 1972, ndugu wawili Alar na Juri Toomre walirudia kazi ya namna hiyo kwa kompyuta, wakaonyesha kwamba mikia na madaraja yanayoonekana kati ya galaksi nyingi hutokana na mvuto tu. Ila msingi ulikuwa umewekwa na globu. Mvuvi wa usipa anaijua kanuni hiyo kwa vitendo, hata kama hajaiandika: taa ikiwa mbali na maji, samaki hawaji, akiishusha karibu, maji yanapata nguvu ya mwanga ghafla, zaidi ya alivyotegemea. Kutoka taa ile hadi meza ya Holmberg pengo ni dogo kuliko watu wanavyofikiri, na shule yoyote ya sekondari wilayani Kyela yenye umeme na mwalimu mwenye ari inaweza kuliruka.

Hakuna anayependekeza kujenga darubini kubwa Matema. Itakuwa upuuzi. Kyela iko kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, hewa yake ina unyevu, na mvua yake ni miongoni mwa kubwa nchini. Paranal iko mita 2,600 hivi, kwenye jangwa kavu kuliko karibu yote duniani. Lakini hoja ya gharama inakosea hapohapo, kwa kudhani kwamba anayechunguza galaksi lazima amiliki darubini. Siku hizi vipimo vingi vya darubini hizo huwekwa kwenye hazina za intaneti, mara nyingi baada ya mwaka mmoja hivi, na vingine mara tu vinapopatikana, kila mtu avichukue bure. Ghali kwa kijana wa Ngonga ni bando, kompyuta na mtu wa kumwelekeza. Hivyo ni vitu vyenye bei inayojulikana, na halmashauri hununua vya bei kubwa zaidi kila mwaka.

Mfano wa Galaxy Zoo unatosha kuwanyamazisha wanaobisha. Mradi huo ulifunguliwa Julai 2007 ukawaomba watu wa kawaida watazame picha za galaksi karibu milioni moja na kusema ni za umbo gani, na kama zinaungana. Katika mwaka wa kwanza watu zaidi ya 150,000 walitoa majibu zaidi ya milioni 50. Mwalimu wa shule wa Uholanzi, Hanny van Arkel, akaona wingu ambalo hakuna aliyelitarajia, na leo linabeba jina lake. Washiriki wengine walizigundua galaksi ndogo za kijani zinazozaa nyota kwa kasi ya kushangaza, wakaziita njegere. Wanaastronomia sasa wanazitumia kama mfano wa karibu wa galaksi za mwanzo wa ulimwengu. Walioziona hawakuhitaji shahada ya fizikia. Walikuwa na macho, muda na intaneti.

Wanaotaka mfano wa nyumbani wavuke hadi Rwanda. Antoine Mahoro, kijana wa Chuo Kikuu cha Rwanda, pamoja na Pheneas Nkundabakura wa chuo hicho na Mirjana Pović aliyekuwa akifanya kazi Addis Ababa, walichukua data za kipande cha anga kiitwacho COSMOS na kuzichunguza galaksi zilizo katikati ya ujana na uzee. Ilizoeleka kufikiriwa kwamba galaksi yenye shimo jeusi linalokula kwa nguvu katika kitovu chake huzimwa uzazi wa nyota. Katika kundi walilolichunguza wao, matokeo yaliyotoka mwaka 2017 katika jarida kongwe la Uingereza yalionyesha dalili za kinyume: uzazi haukuwa umezimwa, na huenda shimo jeusi lilikuwa likiuchochea. Kazi iliyofuata ikatazama maumbo ya galaksi hizo. Darubini zilizokusanya nuru hiyo hazikuwa za Rwanda wala za Ethiopia. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kimekuwa kikifundisha astronomia hadi shahada za juu. Kigali na Mbarara si miji tajiri kuliko Mbeya kiasi cha kuhalalisha tofauti hii.

Na hoja ya njaa? Wanaosema "chakula kwanza, nyota baadaye" wanadhani kuna gunia la mahindi linaloondolewa mezani ili kununua nyota. Gunia hilo halipo. Tanzania haimo katika orodha ya nchi nane za Afrika zilizojiunga na Afrika Kusini katika mradi wa darubini kubwa ya redio ya SKA, itakayosoma mwendo wa gesi ya haidrojeni katika galaksi za mbali. Kenya imo. Zambia imo. Msumbiji, inayoshiriki Ziwa Nyasa lilelile, imo pia. Nchi hizo hazikusubiri kumaliza njaa, na wala kujiunga kwao hakukuzidisha njaa. Wakati huohuo kutojiunga kwa Tanzania hakukuongeza hata debe moja la mpunga Kyela. Kama nyota ndizo zingekuwa zimekula chakula, basi leo Kyela ingekuwa imeshiba kwa kuzinyima.

Afrika Mashariki ilishawahi kuwa mlango wa elimu hii. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi ikiwa na setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Ikabatizwa Uhuru. Setilaiti hiyo ilionyesha kwamba kati ya galaksi zilizokusanyika makundi kuna gesi ya moto mkali, iliyojaa nafasi yote, na Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Neno la Kiswahili limo katika kila historia ya fani hii. Lakini aliyerusha roketi alikuwa Mwitaliano, mwenye setilaiti Mmarekani, na mwenye pwani akabaki mtazamaji. Anayesema leo kwamba mambo haya hayatuhusu anataka hali hiyo iendelee.

Kuna kikwazo cha kweli, nacho hakitajwi. Katika muhtasari wa fizikia uliotumika kwa miaka mingi, mada ya astronomia iliwekwa mwishoni mwa kidato cha nne, pale mtihani wa taifa unapokuwa umekaribia na mwalimu anakimbizana na marudio. Ikafundishwa kwa Kiingereza, kwa watoto waliomaliza msingi kwa Kiswahili. Juu ya hapo, neno lililo karibu zaidi, unajimu, limechukuliwa na watabiri wa magazetini wanaouza bahati za wiki, hivyo mzazi akisikia mwanawe anapenda unajimu anaingiwa na hofu, na ana haki. Neno falaki lipo, Zanzibar wanalitumia, linafaa. Dakta Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania amewaeleza Watanzania habari za anga kwa miaka mingi, mtu mmoja akibeba mzigo wa idara nzima.

Na wala si kweli kwamba wananchi hawajali. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kwa umbo la pete, na njia ya pete hiyo ikapita Rujewa, wilayani Mbarali, mkoa uleule ilipo Kyela. Watu walifurika kutoka kila pembe: wanafunzi, wakulima walioacha majembe, familia zilizosafiri usiku kucha. Kyela nako jua lilimegwa sehemu kubwa. Siku hiyo hakuna aliyeuliza pete ile italeta nini sokoni. Hamu ilikuwepo, na kesho yake haikupata mahali pa kwenda.

Wanaoitetea astronomia nao mara nyingi huitetea vibaya. Hukimbilia kutaja Wi-Fi, kwamba wahandisi wa Australia walioiboresha walitokana na utafutaji wa mawimbi ya redio ya mashimo meusi. Ni kweli, na bado ni utetezi dhaifu, kwa sababu unakubali kwamba elimu lazima ijilipie kwa bidhaa ndipo iruhusiwe kuingia Kyela. Kuungana kwa galaksi mbili hakutapandisha bei ya kakao, na anayedai hivyo atakuja kuumbuliwa. Kijana anayejifunza kusoma nuru ya haidrojeni anajifunza takwimu, programu za kompyuta na nidhamu ya kutoamini picha kabla ya kipimo, na hayo yatamfaa popote. Ila hata yasingemfaa, ana haki ya kujua kile kiwingu kilicho juu ya ziwa lao ni nini. Haki hiyo haiombewi kibali kwa mfanyabiashara.

Zaidi ya hapo, swali lenyewe halijafungwa. Kwa zaidi ya miaka kumi vitabu viliandika kwamba galaksi yetu na Andromeda zitaungana baada ya miaka bilioni nne au tano, kana kwamba tarehe imeshapangwa. Juni 2025 Till Sawala wa Helsinki na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio 100,000 ya kompyuta yaliyotumia vipimo vya Hubble na vya setilaiti ya Gaia, wakakuta kwamba katika miaka bilioni kumi ijayo uwezekano wa kuungana ni nusu kwa nusu. Kilichobadilisha hesabu kwa sehemu kubwa ni lile Wingu Kubwa la Magellan. Lina uzito wa kutosha kuivuta galaksi yetu pembeni, nje ya mstari wa Andromeda, kabla lenyewe halijamezwa. Galaksi nyingine, M33, inavuta upande wa pili na kuongeza uwezekano. Vipimo bado vina utata mkubwa, hasa mwendo wa Andromeda wa kwenda pembeni, na data za Gaia ziko wazi kwa yeyote. Saa nane usiku mwezi wa Septemba, mbele ya mvuvi anayevuta nyavu za usipa kati ya Matema na Mwaya, liko lile wingu linaloweza kuiponyosha galaksi yetu. Nyuma yake, juu ya nyanda za Rungwe, iko Andromeda inayokuja.